Haimdhuru Nani? Dhana ya Umuhimu katika Kiswahili na Historia ya Isiolo

Utangulizi

Makala haya yanazungumzia neno moja dogo la Kiingereza ambalo wanafunzi wetu wa tafsiri hulipita bila kulitazama, kisha hujikwaa kwalo. Neno lenyewe ni kitenzi ‘matter’, ambacho Waingereza hukitumia kusemea kwamba jambo fulani lina uzito au halina. Ukimuuliza mwanafunzi akifasiri, atakujibu papo hapo kwamba maana yake ni ‘kuwa muhimu’, na kwamba katika ukanushi ni ‘haidhuru’. Jawabu hilo si kosa. Hata hivyo, ndani yake mna mambo mawili ambayo hayajachunguzwa ipasavyo: kwamba ‘muhimu’ si kitenzi, na kwamba ‘haidhuru’ hutokana na kitenzi chenye maana nyingine kabisa, yaani kutia madhara.

Hoja ya makala ilizuka katika kikao cha walimu wa Kiswahili mjini Isiolo, ambako mwandishi alialikwa kuzungumzia tafsiri ya fasihi. Tulikuwa tukijadili kifungu cha hadithi kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza. Katika kifungu hicho afisa wa serikali anaarifiwa kwamba kisima cha kijiji kimekauka, naye anajibu kwamba hilo si kitu, maadamu wanakijiji watahamishwa. Mfasiri alikuwa ameandika neno moja tu: ‘Haidhuru.’ Mwalimu mmoja, mzaliwa wa huko, akainua mkono na kuuliza, ‘Haimdhuru nani?’ Ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza.

Swali hilo ndilo linaloongoza makala haya. Tunadai kwamba Kiswahili, kinaposema jambo lina uzito, humdai msemaji amtaje mwenye kuuhisi uzito huo; lakini kinaposema jambo halina uzito, humruhusu amfiche mwenye kuumia. Aidha, tunadai kwamba historia ya Isiolo inatuonyesha gharama ya maficho hayo, na kwamba kwa hiyo mhakiki na mfasiri wa Kiswahili hawana ruhusa ya kuliona ‘haidhuru’ kuwa neno lisilo na hatia.

Kitenzi cha Kiingereza na asili yake

Neno la Kiingereza lilianza kuwa nomino. Asili yake ni Kilatini, materia, yaani mbao za kujengea na, kwa upana zaidi, kitu chochote ambacho kwacho kitu kingine hufanyizwa. Kupitia Kifaransa likaingia Kiingereza, na maana zake zikatanuka: kitu kishikikacho, mada ya maandishi, jambo linalojadiliwa, hata sababu ya ugomvi. Kitenzi kilizaliwa baadaye, mwishoni mwa karne ya 16, katika zama za Shakespeare.

Katika tamthilia ya Hamlet mna mzaha ambao unafaa kuangaliwa hapa. Polonius anamkuta mwana wa mfalme akisoma, naye anamuuliza habari ya yale anayoyasoma kwa kutumia nomino hiyo. Hamlet analigeuza swali: anajifanya ameulizwa habari ya ugomvi, na anataka kujua ni ugomvi baina ya nani na nani. Mzaha huo unategemea utata wa neno la Kiingereza. Kwa bahati njema Kiswahili kina utata uo huo katika ‘neno’. Tunaweza kusema kitabu kina maneno, na tunaweza kusema watu fulani wana neno baina yao, yaani wamekosana. Mfasiri aliye macho hatapoteza kitu mahali hapo.

Kitenzi, kwa upande wake, kina tabia ambayo nomino haikuwa nayo. Kinaweza kusimama na kiima kisichokuwa mtu wala kitu, na kinaweza kumwacha nje yule anayehusika. Mwingereza husema jambo lina uzito akakomea hapo. Akitaka, ataongeza ‘kwangu’ au ‘kwao’. Asipotaka, sarufi haimlazimishi. Uzito wa jambo hugeuka kuwa sifa ya jambo lenyewe, kama ule wa jiwe, ambao upo hata pasipo mtu wa kulibeba.

Namna za Kiswahili

Kiswahili hakikujaliwa kitenzi cha namna hiyo. Badala yake kina njia kadhaa, na kila njia ina historia yake.

Njia ya kwanza ni ya sifa: jambo ni ‘muhimu’. Neno hili lilitoka katika Kiarabu, katika mzizi unaohusu wasiwasi na kushughulika moyoni. Mzizi huo huo ndio uliotupa ‘hamu’, ambayo kwetu ni shauku lakini kwa Kiarabu ni hata majonzi, na ‘hima’, yaani bidii na haraka. Kwa hiyo, tukilirudisha neno kwao, lililo muhimu si lililo kubwa kwa vipimo. Ni lile linalomkosesha mtu usingizi. Matumizi ya ofisini yamelisahaulisha neno hili asili yake. Siku hizi twasikia ‘barabara muhimu’ na ‘wageni muhimu’ pasipo kuulizana ni nani aliyekosa usingizi.

Njia ya pili ni ya umiliki: jambo lina maana, lina uzito, lina thamani. Kati ya haya, ‘thamani’ ndilo la kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa asili yake ni bei. Penye thamani pana soko, na penye soko pana mnunuzi.

Njia ya tatu humfanya mtu kuwa kiima: mimi najali, wao wanathamini. Njia ya nne humfanya mtu kuwa yambwa: jambo hilo linanihusu, linanigusa, linanikera. Kitenzi ‘kuhusu’ ni jamaa wa ‘hususa’ na ‘mahususi’. Linalonihusu ni lile nililotengewa mimi. Katika njia hizi mbili hapana pa kujificha. Kiambishi cha mtu kimo ndani ya kitenzi, na ukikiondoa, sentensi huanguka au hubadilika maana. Hapo ndipo Kiswahili kinapodai shahidi. Wazee wetu walilijua hilo waliposema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Njia ya tano ni ya ukanushi, na hapa lugha yetu ni tajiri kupita kiasi: haidhuru, si kitu, si neno, si hoja, mamoja, potelea mbali. Hata maamkizi yetu yamejengwa hapo. Wanasarufi wengi hueleza kwamba ‘hujambo’ ni kumuuliza mtu kama hana jambo, naye hujibu kwamba hana. Jambo, kwa Mswahili, ni aghalabu jambo baya. Kutokuwa nalo ndiyo afya. Kiingereza kiliichukua nomino ya namna hiyo kikaifanya kitenzi cha kuthibitisha. Kiswahili kiliichukua kikaifanya salamu ya kukanusha.

Katika orodha hiyo, ‘haidhuru’ lina upekee. ‘Si kitu’ na ‘si neno’ hukanusha kuwako kwa jambo. ‘Haidhuru’ halikanushi kuwako kwake. Hukiri kwamba jambo lipo, kisha hudai kwamba halitii madhara. Ni dai kuhusu hali ya ulimwengu, na dai huweza kuwa la kweli au la uongo. Zaidi ya hayo, ‘kudhuru’ ni kitenzi elekezi: lazima pawe na anayedhuriwa. Lakini katika ‘haidhuru’ kiambishi cha mtendwa kimetupwa, na mazoea yametufanya tusione pengo. Mwalimu wa Isiolo alifanya jambo moja tu la kisarufi: alikirudisha kiambishi mahali pake.

Isiolo: mji ulioko langoni

Kwa nini swali hilo liulizwe Isiolo na si kwingineko? Isiolo iko kaskazini mwa Mlima Kenya, mahali ambapo ardhi ya kilimo huteremka na kuwa nyika ya wafugaji. Wakazi wake ni Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na wengineo. Miongoni mwa Wasomali wa mji huo wamo wazao wa askari wa koo za Isaq na Herti waliolowea hapo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika mchanganyiko huo Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi, ya duka na ya soko la mifugo. Hakikufika kwa utenzi. Kilifika kwa amri na kwa biashara.

Serikali ya kikoloni iliiweka sehemu hiyo katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902 iliwapa maafisa uwezo wa kuifunga wilaya, na ile ya wilaya maalumu ya mwaka 1934 ikaongeza uwezo wa kuwadhibiti watu na mienendo yao. Mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kibali. Tusisitize hapa neno ‘maalumu’. Katika matumizi yetu ya kawaida neno hilo humkweza linayemsifu: mgeni maalumu, siku maalumu. Katika sheria ya 1934 lilikuwa jina la kizuizi. Kutengewa mtu jambo na kutengwa kwa mtu kulikaa chini ya neno moja.

Uhuru ulipokaribia, watu wengi wa kaskazini waliiambia tume iliyotumwa mwaka 1962 kwamba wangependa kuungana na Somalia. Haikuwa hivyo. Tarehe 28 Juni 1963 mkuu wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido; jina la Wabera limebaki katika mtaa mmoja wa Nairobi. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ilikuwa imetangazwa kaskazini. Vita vilivyofuata, ambavyo kwa kawaida huitwa vita vya shifta, viliendelea hadi 1967.

Neno ‘shifta’ lenyewe lilitoka Ethiopia, na maana yake ni haramia au muasi. Likishabandikwa mtu, hukumu ya sarufi huwa imekwisha kutolewa: kufa kwa shifta haidhuru. Tabu ni kwamba nyikani hapakuwa na alama ya kumtofautisha shifta na mchungaji. Wafugaji walikusanywa katika vijiji vya ulinzi, kama kule Garba Tulla na Merti, na mifugo ikafa kwa wingi kwa kukosa malisho, kwa kutwaliwa na kwa risasi. Gudrun Dahl, mwanaanthropolojia wa Sweden, alipochapisha mwaka 1979 utafiti wake kuhusu Waborana wa Waso, alikipa kitabu jina linalozungumzia nyasi zenye kuumia. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuliona jina hilo asikumbuke methali yetu ya tembo wapiganapo. Methali hiyo, tukiichungua, ni jibu la moja kwa moja kwa ‘haidhuru’: inawaacha wapiganaji na kumtaja aumiaye.

Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kinga. Sheria hiyo ilizuia mashtaka kuhusu vitendo vya maafisa na askari vilivyotendwa kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Sisi si wanasheria, na hatutaki kuingilia kazi yao. Lakini kwa jicho la mhakiki, hii ni matini ya aina ya ‘haidhuru’. Haikusema kwamba hakuna kilichotendeka. Kama hakuna kilichotendeka, kinga ingekuwa ya nini? Ilikiri kuwako kwa jambo, kisha ikaliondolea mdai. Hali ya hatari nayo haikuondolewa hadi mwaka 1991.

Thamani na kipimo chake

Kabla ya sheria hiyo palikuwa na matini nyingine, ambayo haikuwa na ukali wowote wa lugha. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi. Waraka ulishauri kwamba fedha za maendeleo zipelekwe pale zitakapoleta ongezeko kubwa zaidi la mazao, yaani sehemu zenye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu walio tayari kupokea maendeleo. Hoja ilikuwa ya kiuchumi, na waandishi wake walitumaini kwamba faida ingesambaa baadaye. Hata hivyo, tukiisoma kwa istilahi za makala haya, tunaona kwamba ilichagua njia moja tu ya kusemea umuhimu, nayo ni njia ya thamani. Haikuuliza jambo linamhusu nani; iliuliza litaleta kiasi gani. Kwa mizani hiyo Isiolo haikuwa na kitu cha kuweka sahanini, ila ng’ombe ambao ilibidi wapite karantini kabla ya kupelekwa kusini.

Haishangazi basi kwamba wasafiri wa kaskazini, walipokuwa wakivuka kizuizi cha Isiolo kuelekea Nairobi, walizoea kusema kwamba wanakwenda Kenya. Usemi huo umechukuliwa mara nyingi kuwa kichekesho. Kwetu ni ushahidi wa lugha. Msemaji wake hakuwa akikana uraia. Alikuwa akiripoti, kwa Kiswahili fasaha, mahali alipowekwa na sentensi za watu wengine.

Pingamizi na jawabu

Pana anayeweza kutupinga kwamba tunaipa sarufi lawama isiyoistahili. Waraka wa 1965 na sheria ya 1970 viliandikwa kwa Kiingereza. Aliyetoa amri hakuwa na haja ya viambishi vyetu. Na watu hawauawi na vitenzi. Tunakubali yote hayo. Lugha haikuanzisha vita vya kaskazini, wala sentensi bora haingevizuia.

Jawabu letu lina sehemu mbili. Kwanza, amri iliyoandikwa kwa Kiingereza ilimfikia mchungaji kwa kinywa cha mkalimani na askari, na lugha ya kinywa hicho aghalabu ilikuwa Kiswahili. Hapo palikuwa na tafsiri, na penye tafsiri pana uteuzi. Pili, kazi ya idara zetu si kugawa fedha wala kutunga sheria. Ni kuwafunza watu kusoma. Msomaji aliyezoea kulipita ‘haidhuru’ hadithini bila kuuliza swali, atalipita na gazetini, na katika ripoti.

Tukumbuke pia kwamba mfasiri ana uwezo wa kumrudisha shahidi aliyefichwa. Mwalimu Julius Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, aliiita Mabepari wa Venisi (1969). Mfanyabiashara mmoja akawa mabepari wengi. Wapo waliolalamika kwamba huko ni kupita mipaka ya mfasiri. Lakini uteuzi huo ulitamka wazi deni na nyama ya mtu vinatazamwa kutoka upande upi.

Leo mizani imeanza kugeuka. Katiba ya 2010 iliweka Hazina ya Usawazishaji, inayotengewa asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kwa ajili ya sehemu zilizoachwa nyuma, na Isiolo ilitajwa miongoni mwa kaunti 14 za kwanza. Lami kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika katika miaka ya 2010. Mradi wa kuunganisha bandari ya Lamu na Ethiopia na Sudan Kusini, uliozinduliwa Machi 2012, uliupa mji huo nafasi ya njia panda. Sasa husemwa kwamba Isiolo ni muhimu. Tunafurahi kusikia hivyo. Lakini njia panda ni muhimu kwa mpitaji. Mwenyeji huhitaji zaidi ya kupitiwa. Sifa ‘muhimu’, ikiachwa peke yake, inaweza kuficha mtu sawasawa na ‘haidhuru’.

Ugumu huu si wa Isiolo pekee. Vuguvugu lililoanza Marekani mwaka 2013, na kuenea duniani mwaka 2020 baada ya kuuawa kwa George Floyd, lilijengwa juu ya kitenzi hiki hiki: kwamba maisha ya watu weusi yana uzito. Mfasiri akisema ni ‘muhimu’, atasikika kama tangazo la ofisi. Akisema ‘yana thamani’, atakuwa ameingia sokoni. Akisema ‘tuyajali’, atakuwa amewageuza watu weusi kuwa wanaoombewa huruma. Hapana tafsiri isiyopoteza kitu. Lakini kila moja inamlazimisha mfasiri ajibu swali ambalo Kiingereza kilimruhusu kulikwepa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kukosa kitenzi kimoja cha umuhimu si upungufu wa kuzibwa kwa istilahi mpya. Njia zetu nyingi ni mafunzo, mradi tuzitumie kwa kujua. Ifaavyo, mfasiri anayekutana na kitenzi hicho cha Kiingereza ajiulize maswali matatu: jambo hili linamhusu nani, nani ameutaja uzito wake, na kwa mizani gani, na, likikanushwa, haimdhuru nani. Maswali hayo hayataipamba tafsiri. Pengine yatairefusha, na mara nyingine yataifanya isikae vizuri mdomoni.

Katika kile kikao cha Isiolo tulijaribu kukitafsiri upya kifungu cha kisima kilichokauka. Baada ya mabishano marefu walimu waliafikiana kwamba afisa aseme, ‘Hilo halinihusu mimi.’ Mmoja alisema kwamba sasa afisa amekuwa mbaya kuliko alivyokuwa katika Kiingereza. Mwenzake akamjibu kwamba hakuzidi ubaya, ameonekana tu.